Mtunza Saa Aliyekataa Rivasi

Kama ulipanda basi la Ggaba miaka ile ya utawala wa wanajeshi, ulimwona, hata kama hukumtazama. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti la kaki lililofungwa vifungo vyote, jua liwake lisiwake, amesimama mwisho wa njia na saa ya mfukoni kiganjani. Kazi yake ilikuwa kuandika basi limefika saa ngapi na limeondoka saa ngapi. Kampuni ilimwita mtunza saa. Sisi madereva tulimwita hivyo hivyo mbele yake, na majina mengine nyuma yake, na hayo mengine sitayaandika kwa sababu sasa nina wajukuu wanaojua kusoma.

Niliendesha njia hiyo miaka mingi. Baba yangu alikuwa askari polisi kutoka kaskazini, nikakulia kambini, kwa hiyo Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani. Kwa majirani zangu wengi wa Kampala kilikuwa lugha ya kwenye vizuizi vya barabarani, na wakikisikia tu walianza kutafuta vitambulisho. Mtunza saa alijifunza chake jeshini, zamani za Waingereza, akakiongea kama anayetoa amri hata akiomba chumvi. Labda ndiyo maana tulizoeana. Au labda ni kwa sababu nilikuwa nabishana naye, na mtu mwenye jambo moja tu kichwani anahitaji wa kubishana naye.

Jambo lenyewe lilikuwa mzunguko. Katika njia nyingine za mji, basi likifika mwisho lilipiga rivasi, yaani lilirudi kinyumenyume: kondakta anashuka, anapigapiga ubavu wa gari kwa kiganja, anaita njoo, njoo, njoo, mpaka kibanda cha mama fulani kinalala chini. Ggaba hapakuwa na rivasi. Karibu na soko la samaki kulikuwa na duara la barabara ya udongo mwekundu. Basi liliingia kwa kushoto, likazunguka polepole, likatokea pale pale lilipoingilia, uso umeelekea mjini. Katikati ya duara kilisimama kibanda chake cha mabati, benchi moja, kengele ya kipande cha reli, na mihogo aliyoipanda mwenyewe. Aliiandikia kampuni barua miaka mitatu akiomba duara hilo, mpaka wakaleta greda kwa mchana mmoja. Nafikiri walitaka tu aache kuandika.

Wazo lenyewe alilitoa India. Vita vya Wajapani vilikuwa vimpeleke Bama, yaani Burma, na kabla hajafyatua risasi hata moja malaria ikampeleka hospitalini, Kalkuta. Alilala wiki sita kando ya dirisha, na chini ya dirisha hilo ndipo tramu za mji zilipogeuzia. Wenzake walirudi na medali. Yeye alirudi na tramu.

Alitueleza mara nyingi mno, hata leo naweza kusimulia bila kukosea. Tramu, alisema, ni behewa la abiria linalopita katikati ya mji juu ya reli, na kwa kuwa liko juu ya reli haliwezi kugeuka popote linapotaka. Zamani likifika mwisho wa njia, dereva alichomoa mpini wake wa kuendeshea, akatembea nao mpaka upande wa pili wa behewa, akauchomeka huko, na nyuma ikawa mbele. Behewa lilihitaji vichwa viwili, vyombo vya dereva seti mbili, milango pande zote mbili. Kisha akatokea mtu mwenye akili zake, akaikunja reli mwisho wa njia ikawa duara. Tramu inaingia, inazunguka ikilia kwenye kona, inatoka. Kichwa kimoja kinatosha. Milango upande mmoja inatosha, na upande wa pili unaweka viti. Akifika hapo alinyamaza kidogo ili tulipe duara heshima yake.

Dereva mmoja alimuuliza mbona Kampala haina tramu. Akajibu kwamba haina bado. Basi hilo "bado" lilitupa kicheko cha mwezi mzima. Hatukuwa na sukari, hatukuwa na sabuni, dizeli tulipimiwa ya kwenda na kurudi tu, na yeye alikuwa anangoja tramu.

Rivasi aliichukia kwa moyo wote. Alisema dereva anayerudi nyuma anaendesha kwa kumwamini kondakta, na yeye alikuwa amewaona makondakta wetu. Alikuwa na sheria zake, zote za Kalkuta. Iliyotukera zaidi ni kwamba hakuna abiria wa kuzungushwa: wote washuke kabla ya mdomo wa duara, basi lizunguke tupu, lisimame mbele ya kengele, ndipo wapya wapande. Niliwahi kumwona akimshusha padri kwenye mvua. Hakujipendelea hata yeye. Asubuhi alipokuja kazini kwa basi la kwanza alishuka mdomoni pamoja na wauza samaki, akavuka mihogo yake kwa miguu. Miaka yote hiyo hakuwahi kupanda basi likizunguka duara lake mwenyewe.

Halafu kile kitabu chake. Kilikuwa kitabu kikubwa cha mistari, na kila kilichotokea kwenye mzunguko kiliingia humo kwa wino. Saa yake aliilinganisha na redio, na siku moja taarifa ya habari ilipochelewa kwa sababu mkubwa wa nchi alikuwa bado anahutubia, aliandika: redio imechelewa dakika nne. Nilimwambia, Mzee, futa hiyo, watu wanapotea kwa maneno mafupi kuliko hayo. Akaniuliza kama redio ilichelewa au haikuchelewa. Nikasema ilichelewa. Akafunga kitabu.

Makosa yetu nayo yalikuwa humo, kila moja na mstari wa sahihi ya dereva. Dereva alisoma kosa lake, akatia sahihi, na hapo ndipo likawa kosa. Ambalo halijatiwa sahihi halikuhesabika, na hakulisoma kwa mkaguzi wala kwa mtu yeyote. Alisema mtu hawezi kuhukumiwa kwa maandishi ambayo hajayaona, na alilisema hilo katika nchi ile, miaka ile, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi nilitia sahihi zaidi ya madereva wote. Kuchelewa dakika mbili. Kupiga honi bila sababu. Kumcheka mtunza saa akiwa kazini.

Na sasa niseme lile ambalo wengi hawakulijua mpaka siku iliyowajulisha wote: mtunza saa hakujua kuendesha gari. Aliwafundisha madereva wapya, akakaa kiti cha mbele mpaka mdomo wa duara na kuwaambia lini wakanyage na lini waachie, lakini mwenyewe hakuwa na leseni na hakuwahi kushika usukani. Niligundua nilipomwomba alisogeze basi kidogo likae kivulini, akaniambia kila mtu na kazi yake, huku masikio yakimwiva. Tena hata hiyo tramu yenyewe hakuwahi kuipanda. Yote aliyoyajua aliyaona kupitia kioo cha hospitali. Nikakaa na siri hiyo, si kwa wema, ila nilikuwa naitunza kwa siku ambayo angenizidia.

Kisha akaja Kapteni. Wahindi walikuwa wamefukuzwa, na kila mwenye magwanda alikuwa akigawiwa kitu. Zamu ya Kapteni ilipofika, maduka ya mjini yalikuwa yamekwisha, akagawiwa katikati ya mzunguko wetu. Mihogo iling'olewa. Kibanda cha mtunza saa kikahamishiwa ukingoni pamoja na kengele, nje ya duara, upande wa soko. Palipokuwa na benchi pakajengwa baa yenye baraza pana, na Kapteni akaketi barazani kungoja wateja.

Hawakuja. Kapteni alifikiri juu ya jambo hilo siku kadhaa, na nampa haki yake, alilipata jibu. Magari yetu yanapita kushoto, kwa hiyo mlango wa basi uko kushoto. Basi likizunguka kama kawaida, katikati ya duara iko kulia kwa dereva, na mlango unafungukia nje, kwa wauza samaki. Baa ilikuwa inatazamana na ubavu wa basi usio na mlango, upande wa bomba la moshi. Akatoa amri: kuanzia kesho mabasi yaingie na abiria wao ndani, na yazunguke kinyume, ili milango ifungukie barazani.

Mtunza saa alisimama wima akamweleza kwamba basi linaloingia kinyume litakatiza njia ya basi linalotoka, na mdomo ni mwembamba. Kapteni akauliza kama anafundishwa. Hapana, afande. Ndipo mzee akafungua kitabu, akaiandika amri yote, akamwomba Kapteni atie sahihi. Kapteni alichukua kitabu, akakitazama kwa uso wa mtu anayesoma, akatia sahihi kubwa ya kukata ukurasa. Alikuwa amekishika juu chini. Mtunza saa akakipokea, akasema asante afande, na macho yake yakakutana na yangu. Hakucheka mtu.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Tulivunja vioo vya pembeni, tulikwaruzana mbavu, dereva mmoja alimkwepa mwenzake akaingia kwenye mafungu ya dagaa. Mzee alisimama mdomoni kutwa nzima na kitambaa chekundu, akituzuia huyu, akimpitisha yule, kwenye mzunguko alioupigania ili pasiwepo wa kuzuiwa. Alizeeka. Nilimwonea huruma, nikamtania zaidi, maana ndivyo nilivyo.

Jumamosi moja mchana Kapteni alimwalika Meja wake aje aone jinsi mabasi yanavyomletea wateja mpaka mlangoni. Mbuzi alikuwa juu ya moto. Mimi nilikuwa nakuja kutoka mjini na basi limejaa, na akili yangu haikuwa barabarani. Mke wangu alikuwa Mengo, hospitalini, tangu alfajiri, uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, na nilianza zamu ya asubuhi bila habari yoyote. Nilipita Kabalagala sikuiona. Nilifika mdomoni, na mikono yangu, ambayo mzee aliifundisha miaka minne, ikafanya ilichofundishwa. Ikakata kushoto.

Basi lilizunguka vizuri sana. Moshi wote ukaenda barazani, juu ya mbuzi, juu ya Meja. Mlango ukafungukia sokoni, abiria wakashuka kwa wauza samaki, na mimi nikashuka nao mbio kuwauliza akina mama kama kuna aliyetoka Mengo. Injini niliiacha ikinguruma, kwa sababu betri ilikuwa imekufa na ukiizima huiwashi tena. Nilikuwa hatua tano kutoka kwenye gari nilipomwona Kapteni anakuja na askari wawili, na hapo ndipo nikaelewa nilichofanya.

Mwaka ule watu walitiwa kwenye buti za magari kwa mambo madogo kuliko hayo. Kila mtu sokoni alilijua hilo.

"Dereva ya hii gari iko wapi?" Kapteni aliuliza.

Ningependa kusema nilijitokeza. Sikujitokeza. Nilisimama kati ya akina mama na mabeseni yao kama mnunuzi. Mtunza saa alitoka kwenye kibanda chake, kitabu mkononi. Nilikuwa nimemwona akiandika. Alikuwa amekwisha kuandika, yule mzee, kama alivyoandika kila kitu, na wino ulikuwa bado mbichi.

Kapteni akamwambia asome. Meja alikuwa amekuja nyuma yake, anafuta macho kwa leso. Mzee akafungua ukurasa, akaweka kidole chini ya jina langu. Nilikiona kidole kile, kilikuwa chini ya jina langu kabisa.

"Ni mimi, afande," akasoma. "Mtunza saa ndiye aliyeendesha."

Abiria walikuwa wamejaa pale, na akina mama wote wauza samaki, watu ambao kwa kawaida hawanyamazi hata wakilipwa. Hakuna aliyekohoa. Meja alimtazama mzee kutoka kofia mpaka viatu, akacheka kidogo, akasema hebu aendeshe tena, waone.

Alipanda. Alikaa kwenye kiti changu, miguu ikafika kwa shida. Miaka yote alikuwa ametutazama tukifanya, na alifanya kama alivyoona: akakanyaga, akavuta, akaachia. Basi liliruka mara moja kama mbuzi aliyechapwa, kisha likaenda, gia ya kwanza, likinguruma. Likaingia duara kwa kushoto. Kwa kushoto, jamani, upande wa zamani, mbele ya macho ya Kapteni. Likazunguka baa, moshi barazani, likafika kwenye kengele, na halikusimama. Likaendelea. Mara ya pili, mara ya tatu. Kama hakujua kulisimamisha au hakutaka, mpaka leo sijui. Mara ya nne Meja alikuwa ameketi kwenye kreti la soda akilia kwa kicheko. Mara ya sita Kapteni, kwa kuwa mkubwa wake anacheka, ikambidi naye acheke. Mzunguko wa saba dizeli yangu ya kupimiwa ikakata, basi likafa hatua tatu kupita kengele.

Mzee akashuka, akatazama saa, akaandika. Meja akasema huyu mzee ni wazimu aachwe, na mbuzi ameshaungua. Wakarudi barazani. Nikapona kwa kicheko cha mtu ambaye siku nyingine angetumaliza kabla nyama haijaiva.

Binti yangu alikuwa amezaliwa saa ile ile. Niliambiwa jioni.

Sasa sikia nilivyomshukuru. Sikumshukuru. Jumatatu madereva wote walikuwa wamejua kwamba mwalimu wao wa udereva hajui breki iko wapi, na kilikuwa kicheko cha mwaka, nami nilicheka nao, tena kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa na aibu na sikujua mahali pengine pa kuiweka. Hilo linaniuma hata leo. Yeye aliendelea kuandika saa.

Serikali ya bunduki ilimwachia. Ofisi haikumwachia. Jumamosi ile, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika kwamba basi limechelewa kuondoka dakika hamsini, sababu, mtunza saa ameliendesha bila leseni, na chini yake akatia sahihi yake. Mkaguzi alikisoma kitabu mwisho wa mwezi. Mzee akafukuzwa kazi kwa kosa ambalo hakuna mtu mwingine angeliripoti. Alikabidhi kengele, akakabidhi kitabu, akapanda basi la dereva mwenzangu kurudi mjini. Mimi siku hiyo niliomba ruhusa ya ugonjwa.

Miaka ikapita. Wanajeshi wale walikimbia, wakaja wengine. Baa ya Kapteni ilibaki kuta tupu, mabati yake yameezeka nyumba za watu, na duara likajaa majani. Mabasi machache yaliyosalia yalipiga rivasi mdomoni, kondakta anapiga ubavu, njoo, njoo, njoo. Na mimi pia, miaka yote hiyo, nilipiga rivasi.

Alipanda pale stendi ya mjini, asubuhi ya siku ya kawaida. Koti lile lile, limekuwa kubwa kwake. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa anaishi Mengo kwa binti yake. Aliketi kiti cha mbele, akaitikia salamu yangu kwa kichwa, na tulipofika Kabalagala akatazama saa, akaguna. Tulipokaribia mdomo wa duara akainuka, akavuta kamba ya kengele ya basi. Abiria wakamwambia, Mzee, kaa, bado hatujafika, kituo ni kule mbele. Hakukaa. Nikasimamisha.

"Mzee, baki nikuzungushe leo," nikamwambia.

"Mimi ni abiria," akasema, akashuka.

Basi nikawaambia abiria wote washuke. Walinung'unika, wakashuka. Kondakta akaruka chini akaanza kupiga ubavu wa gari, nikamwambia apande aache kelele. Nikakata kushoto, nikaingia kwenye majani. Matawi yalikwaruza vioo, sikuona barabara, lakini mikono iliijua. Nilizunguka kuta za baa polepole nikatokea upande wa pili, uso umeelekea mjini. Alikuwa amesimama mahali ilipokuwa kengele, saa kiganjani.

Nilishuka nikiwa na maneno ambayo nilikuwa nimeyabeba muda mrefu. Kabla sijafungua mdomo alifungua kifungo cha juu cha koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa ya njano kwenye mikunjo. Ilikuwa ukurasa wa kile kitabu. Mtu ambaye hakuruhusu hata neno kufutwa alikuwa amechana ukurasa mzima. Palikuwa na namba ya basi langu, na saa, na kosa: kuingia kwa kushoto kinyume cha amri. Dereva, jina langu. Mstari wa sahihi ulikuwa mtupu.

"Mzee," nikasema, "mbona hukumsomea jina langu?"

Alinitazama kana kwamba mimi ni dereva mgeni aliyeuliza breki iko wapi.

"Ulikuwa hujatia sahihi," akasema.

Akanipa kalamu. Niliweka karatasi juu ya boneti, nikatia sahihi. Aliiinua karibu na macho akaichunguza, akanirudishia, akaniambia nirudie, haisomeki.